Fujo ku masomo: namna ya kulinda shule, na kwa nini kufukuza mwanafunzi si dawa

Kila mwanzo wa Septemba, wazazi wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika wanahesabu mambo yaleyale: bei ya bleu-blanc, makaye, viatu, na minervali kwa wenye watoto wa sekondari. Kuna swali moja ambalo haliulizwi sana siku ya kuandikisha mtoto. Mtoto huyu akipigwa njiani, akitishwa ku choo, akimuona mwenzake na kisu mu mfuko, ao akisikia risasi wakati wa hesabu, atamuambia nani? Na yule ataambiwa, atafanya nini?

Shule mingi hazina jibu. Si kwamba wakubwa wa shule ni wabaya. Direkta iko na darasa zenye watoto themanini na zaidi, hasa tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019, na walimu wanangojea mushahara. Kwa hiyo fujo inatafutiwa jibu siku inapofika. Na siku inapofika, jibu linalokuja haraka ni fimbo ao barua ya kufukuza.

Fujo haianzie mu darasa

Ukiwauliza wanafunzi wenyewe, watakuonyesha fasi kwa kidole: nyuma ya vyoo, ku bomba ya maji, ku kiwanja cha mpira, na zaidi ya yote, njiani. Mu darasa kuna mwalimu. Fasi hizo zingine hakuna mtu mzima.

Shule zenye zamu mbili ziko na shida yao. Saa ya mchana, wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia, wote ku mlango mumoja. Wakubwa wa humanité wanakutana na wadogo wa primeri, wengine wanasukumana, wengine wanangojea kulipa deni la jana. Jioni iko mbaya zaidi. Kwetu jua linatua karibu saa kumi na mbili mwaka muzima, na mtoto wa zamu ya mchana mwenye kutembea saa moja anafika nyumbani giza imeingia. Msichana anayetembea peke yake saa hiyo hana ulinzi wa mtu yeyote. Kuna shule ambazo zimesogeza saa ya kufunga kwa nusu saa tu, kwa kupunguza muda wa mapumziko, na kuwapanga watoto watembee kwa makundi ya avenyu moja, mkubwa mumoja mbele na mumoja nyuma. Haiombe feza ya mufadhili.

Halafu kuna siku zinazojulikana mbele: mechi kati ya shule mbili, siku ya kutangaza buletini, na siku ya mwisho ya Examen d'État ambapo vijana wanamwagiana unga, wanaandikana mashati na wanajaa barabarani. Fujo ya siku hizo haishangaze mtu. Prefe wawili wanaweza kusikilizana juma moja mbele: wafuasi wa shule moja watoke kwanza, wa ingine wangojee robo saa, na walimu wasimame ku kona ya barabara pahali pa kubaki ku jukwaa. Ku vyuo vikuu na ISP kuna mambo ya bizutaji kwa wapya, ambayo wengi wanaita mchezo hadi siku mumoja anapelekwa hospitali.

Simu nayo imebadilisha mambo. Tusi la Ijumaa mchana linapita ku WhatsApp siku mbili, linapata picha, linapata wafuasi, na Jumatatu asubuhi watoto wanafika tayari wamegawanyika. Mwalimu anaona tu watu wanapigana «bila sababu».

Jambo la kuangalia kuliko yote ni jina la kabila kuingia katika ugomvi. Vijana wawili wanagombania mpira ao msichana. Mumoja anamuambia mwenzake arudi kwao. Toka hapo si ugomvi wa wawili tena. Mu mkoa ambamo wazazi wa darasa moja wamekimbia vita tofauti, na ambamo mtoto aliyehama Masisi, Rutshuru ao Djugu amekaa benchi moja na mwenye mji, mwalimu anayesikia neno hilo na kunyamaza amekubali liwe la kawaida. Anapashwa kusimamisha somo palepale, kwa sauti ya kawaida, na kuita wazazi wa pande zote mbili siku ileile, wazazi wote pamoja.

Mwanafunzi aliyefukuzwa anaenda wapi?

Baraza la nidhamu linakutana, kijana wa miaka kumi na sita aliyemkata mwenzake kwa wembe anapewa barua, na shule inapumua. Wazazi wa aliyeumizwa wanaridhika. Kwa shule, kesi imeisha.

Kwa kata haijaisha. Ni Februari. Shule ingine haimpokee katikati ya mwaka bila buletini na bila barua ya tabia njema. Baba iko ku machimbo, mama iko sokoni kutoka alfajiri. Kijana anakaa ku parkingi ya wamotari, ao ku kona pale vijana wanapouza kinywaji cha kusaché, ao anaenda kubeba mawe ku kare ya madini. Yule aliyemkata bado anapita njia ileile kila siku kwenda masomo, na sasa mshambuliaji wake hana prefe, hana mwalimu, hana kengele ya saa moja na nusu. Kama fujo ilikuwa ya shule, imekuwa ya barabara.

Fasi ingine ya dunia ingekoma hapo. Mashariki ya Kongo kuna hatua moja zaidi. Vikundi vya wenye silaha viko karibu, na vinatafuta watu wa umri huo. Wazee wanakumbuka kadogo wa 1996 na 1997, watoto waliotembea na AFDL toka Kivu hadi Kinshasa. Thomas Lubanga, aliyekuwa mukubwa wa UPC katika Ituri, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuhukumiwa na Mahakama ya kimataifa ya La Haye, tarehe 14 Machi 2012, na kosa lake lilikuwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wasiofika miaka 15, mwaka 2002 na 2003. Alipewa miaka 14. Mwaka uleule wa 2012, mwezi wa Oktoba, serikali ya Kongo ilitia sahihi mpango na Umoja wa Mataifa wa kuondoa watoto katika jeshi. Sheria ya Kongo yenyewe, ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inakataza kuandikisha mtu yeyote mwenye chini ya miaka 18, katika jeshi, polisi ao kikundi, na adhabu yake ni miaka 10 hadi 20 ya kifungo.

Pamoja na sheria zote hizo, watoto wanaendelea kuingia. Wengine wanakamatwa kwa nguvu. Wengine wanaenda wenyewe, na mtu asiseme «wenyewe» haraka: njaa, kulipiza ndugu aliyeuawa, kutafuta kuheshimiwa, na kukosa kitu cha kufanya kutoka asubuhi hadi jioni. Sababu hii ya mwisho ndiyo shule inaweza kuigusa kwa mkono wake. Mtoto mwenye benchi anavutwa pole kuliko mtoto asiye na benchi.

Hesabu hiyo inahusu pia wale wanaorudishwa nyumbani juu ya minervali. Hawajapiga mtu, hawajatukana mtu, lakini wako barabarani saa tatu ya asubuhi pamoja na yule wa wembe. Inajulikana kwamba shule ya sekondari bila minervali haiishi. Lakini kumtosha mtoto mu darasa mbele ya wenzake juu ya deni la baba yake ni kumuadhibu asiye na deni. Kuna prefe wanaomuita muzazi na kuandika mpango wa kulipa kidogo kidogo, kwa franka ao kwa maharagi, na deni linabaki kati ya watu wazima.

Adhabu inayomuacha ndani

Hakuna anayeomba kijana wa wembe asamehewe bure. Aliyeumizwa iko na haki ya kukaa mu darasa bila woga, na kama shule inamrudisha mshambuliaji kesho yake sawa hakuna kitu, ni aliyeumizwa ndiye ataacha masomo.

Njia ambayo walimu wenye uzoefu wanafuata inaomba kazi kuliko kuandika barua. Kwanza kuwatenganisha: darasa tofauti ao zamu tofauti, na ni aliyepiga ndiye anahama. Wazazi wake wanalipa matunzo ya hospitali. Hilo linaandikwa na kutiwa sahihi. Siku za kutengwa, kama ziko, zinafanyika ndani ya uwanja wa shule na kazi ya kuandika, chini ya macho ya direkta wa nidhamu. Siku tatu za «nyumbani» ambako hakuna mtu mzima ni siku tatu za likizo. Kisha mtu mumoja anapewa kazi ya kumfuata kila Ijumaa kwa muda wa miezi miwili ao mitatu: nani unakaa naye, ulilala wapi, nani anakuita kwa simu. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu wa michezo ao mama wa kamati ya wazazi. Chaguo lifanywe na kijana mwenyewe ikiwezekana. Mtoto hazungumzi na mtu aliyepangiwa tu.

Kufukuza kabisa kunabaki kwa hali ambapo maisha ya wengine iko katika hatari na hakuna njia ingine. Hata hapo, shule inayofukuza inapashwa kwanza kutafuta shule ingine ya kumpokea na kumpa buletini yake. Kumunyima buletini juu ya hasira ni kumufunga mlango wa pili.

Kuna pia daftari. Shule mingi ziko na daftari ya wasiokuja, chache ziko na daftari ya matukio: tarehe, saa, fasi, nani alikuwako, nini ilifanyika. Mistari mitano inatosha. Faida yake inaonekana kisha miezi. Kama ugomvi sita kwa kumi umeandikwa ku bomba ya maji saa sita, dawa si hotuba ya amani mbele ya bendera. Dawa ni mwalimu mumoja ku bomba saa sita.

Na wanafunzi wanajua mbele ya wote. Karibu kila mara kuna mtoto aliyesikia mwenzake anasema atakuja na kisu, ao aliyeona grenadi imefichwa. Hakusema, kwa kuogopa kuitwa msaliti ao kwa kuogopa kupigwa na mwalimu. Kwa hiyo shule inapashwa kuwa na watu wawili wa kuambiwa siri, mwanaume na mwanamke, wanaojulikana kwa majina tangu siku ya kwanza, na ambao hawapigi. Vilabu vya watoto na Bunge la watoto, pale viko, vinasaidia sana kupitisha habari.

Kupekua mifuko ku mlango kunaweza kufanywa, kama iko habari ya kweli. Wasichana wapekuliwe na mwanamke. Kompasi ni chombo cha hesabu, haikamatwe. Wembe wa kunolea kalamu ubaki kwa mwalimu. Kupekua kila siku bila sababu kunawafundisha watoto kuficha vizuri zaidi, basi.

Mtoto mwenye kosa mbele ya sheria

Wazazi wengi hawajui hili, na hata polisi fulani wanajifanya hawajui. Kufatana na sheria ya 2009, mtoto mwenye chini ya miaka 14 hahesabiwe kuwa mwenye kosa la jinai. Kuanzia miaka 14 hadi 18, kesi yake ni ya mahakama ya watoto, mbele ya hakimu wa watoto, si ya mahakama ya wakubwa. Kumtia mwanafunzi wa miaka kumi na mbili katika kasho ya polisi pamoja na watu wazima ili «ajifunze» ni kuvunja sheria, hata kama direkta mwenyewe ndiye aliyemuita polisi. Kasho hizo zinajulikana. Mtoto anatoka na marafiki wapya.

Fujo ya walimu

Haiwezekane kuongea jeuri ya wanafunzi na kunyamazia ya wakubwa. Mtoto anayepigwa fimbo juu ya kosa la hesabu anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anapiga. Kesho atatafuta mdogo wake.

Ngono kati ya mwalimu na mwanafunzi ni jambo lingine kabisa, na hapo hakuna «nidhamu» wala «kusikilizana». Wanafunzi wana jina la mzaha kwa pointi zinazopatikana namna hiyo. Mzaha huo unaficha uhalifu. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya kingono inahesabu ualimu kuwa jambo la kuongeza adhabu: ubakaji uko na kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kama aliyefanya ni mwalimu wa mtoto, kiasi cha chini kinazidishwa mara mbili. Mbuzi, mahari ao ndoa ya haraka haviondoe kesi, hata kama wazee wa familia mbili wamekunywa pamoja.

Kwa muzazi, saa ndizo za maana. Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitali ndani ya masaa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi zikianza ndani ya muda huo, na dawa za kuzuia mimba vilevile ni za haraka. Asioge mbele ya kuonekana na muganga kama inawezekana, nguo zake zitiwe katika karatasi ao kitambaa, si sachet ya plastiki. Panzi kule Bukavu na Heal Africa kule Goma zinajulikana kwa kazi hii, lakini vituo vya afya vingi vya wilaya navyo viko na dawa hizo. Asiyeweza kufika mjini asingojee mji. Na aliyechelewa kisha masaa 72 aende vilevile, juu kuna matunzo mengine.

Wenye silaha ku uwanja wa shule

Mwezi wa Mei 2015, mji wa Oslo kule Norway, nchi zilikutana na kukubali Tamko la shule salama. Kongo ilijiunga mwaka 2016. Mbele ya hapo, mwaka 2013, wizara ya ulinzi ya Kinshasa ilikuwa imetoa agizo kwamba askari anayeshambulia shule ao kuichukua kwa kazi ya jeshi atapata adhabu. Kisha Baraza la usalama la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio 2601, Oktoba 2021, juu ya ulinzi wa masomo wakati wa vita. Kushambulia shule ni moja kati ya makosa sita makubwa juu ya watoto ambayo Umoja wa Mataifa unafuata na kuandika kila mwaka.

Maana yake kwa kijiji ni rahisi. Shule inayosomesha haitumiwe na wapiganaji, hata usiku, hata siku ya Mungu, hata wakati wa likizo. Benchi zisichomwe kama kuni. Silaha zisiwekwe ku ofisi ya direkta. Na wapiganaji wasiwe walinzi wa shule, isipokuwa hakuna njia ingine yoyote. Hili la mwisho linawashangaza wazazi, ambao wanafurahi kuona askari ku mlango. Lakini askari ku mlango anaweza kuifanya shule ionekane sawa kambi mbele ya adui yake, na risasi zinazomtafuta yeye zinapita mu darasa. Mlinzi wa kawaida, mzee anayejulikana na kata, mwenye filimbi na simu, ni bora.

Shule ikikaliwa, direkta asiende kugombana peke yake. Barua iandikwe kwa jina la shule na kamati ya wazazi, ipitie Sous-division ya elimu, na nakala ifike kwa auditora ya jeshi kama ni askari wa serikali, na kwa mashirika yanayolinda watoto. Kivu ya Kusini, ambako MONUSCO ilifunga kazi yake mwezi wa Juni 2024, UNICEF na wenzake ndio wanabaki kupokea habari hizo. Fasi ambapo wenye kutawala si serikali, mara nyingi ni wachungaji, mapadri na machifu ndio wanaopata masikio. Kila kitu kiandikwe: tarehe ya kuingia, vyumba gani, benchi ngapi zimeharibika, picha kama kupiga picha hakuleti hatari. Wakitoka, watoto wasirudi kesho yake. Kwanza uwanja uangaliwe.

Wakimbizi wa vita wanaolala mu darasa ni kesi ingine. Si wapiganaji, ni familia, na huwezi kuzitupa ku mvua. Hapo kinachosaidia ni kusikilizana saa: familia zinaondoka asubuhi na kurudi jioni, vyoo vya wanafunzi vinatengwa, na watoto wao wanaingizwa mu darasa pamoja na wengine. Bila hilo, kuchukiana kunaanza kati ya wenye shule na wageni, na fujo ya wakubwa inakuwa ya watoto.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha, kule Mpondwe, Uganda, ilishambuliwa. Ni ngambo tu ya Kasindi, karibu kilometa mbili toka mpaka. Wakubwa wa Uganda walisema ni ADF. Wanafunzi 37 waliuawa, na jumla ya wafu ilizidi 40. Wavulana walijifungia mu bweni, wauaji wakalitia moto, na wengine walichukuliwa kuelekea porini upande wa Kongo. Shule zetu zenye internat zinaweza kutazama mabweni yao kwa jicho hilo. Mlango mumoja tu, madirisha yenye vyuma visivyofunguka kwa ndani, ufunguo kwa mtu anayelala fasi ingine: bweni la namna hiyo ni mutego, likija adui ao ukija moto wa mshumaa tu. Mlango wa pili wa mbao hauombe pesa mingi.

Risasi zikilia saa ya masomo

Kishawishi cha kwanza ni kufungua mlango na kuwaacha watoto wakimbie. Ndipo wanasukumana ku mlango mumoja, wadogo wanakanyagwa, na wanakutana na risasi barabarani. Kama milio iko karibu, watoto walale chini, mbali na madirisha na mlango, mikono juu ya kichwa, mpaka inyamaze. Kuta za mbao, ambazo ni nyingi kwetu, haziwezi kuzuia risasi. Kama kuna jengo la mawe ao la matofali, ndilo linalochaguliwa mbele, siku ya amani, na watoto wanaonyeshwa njia ya kwenda huko. Kuna shule za Goma zilizojengwa na mawe ya volkano ambazo zina faida hiyo bila kuijua.

Kama milio iko mbali na kuna nafasi ya kuondoka, mwalimu anakamata orodha ya darasa lake mbele ya kitu kingine chochote. Ni hiyo orodha itasema nani amekosekana. Fasi ya kukutana na wazazi inajulikana tangu Septemba: kanisa fulani, uwanja fulani, na fasi ya pili kama ya kwanza haifikiki. Muzazi asikimbilie shule katikati ya risasi. Ni vigumu kumuambia mama hivyo, lakini wakati mingi mama anafika shule, mtoto amekwisha kupita njia ingine, na sasa ni wawili wanaotafutwa.

Uvumi unafanya kazi ya risasi bila risasi. Simu moja, «wamefika», inatosha kumwaga shule tano. Kila shule iwe na namba mbili ao tatu za kuuliza: shefu wa kata, mukubwa wa nyumba kumi, direkta wa shule ya upande ule. Redio ya kata inaweza kusaidia kwa kutangaza kilichohakikishwa tu. Redio hiyohiyo isitaje jina la mtoto aliyebakwa, aliyepiga, ao aliyetoka katika kikundi. Jina likisemwa hewani halirudi.

Kisha vita, kunabaki vyuma. Baada ya mapigano ya Goma ya mwisho wa Januari 2025, na mbele yake kule Sake, Masisi na Rutshuru, mabomu na grenadi zisizolipuka zilibaki mashambani, katika mitaro na nyumba za watu. Mtoto anaona kitu kinachong'aa, anafikiri ni kichezo ao ni chuma cha kuuza kwa kilo. Fundisho ni fupi: usiguse, usirushe jiwe, usichome, simama, rudi kwa njia uliyokuja, weka alama ya mbali inayoonekana, ita mtu mzima. Mwalimu naye asikibebe kwenda ofisini kukionyesha, jambo ambalo hutokea zaidi ya vile watu wanadhani.

Anayerudi

Mtoto anayetoka katika kikundi cha wenye silaha na kuandikwa na wanaohusika anapewa cheti cha kutoka. Cheti hicho kinamlinda njiani asikamatwe tena sawa mpiganaji, na muzazi asikiweke mu mfuko wa shule. Kinakaa nyumbani, na nakala. Direkta anaweza kukiona, darasa halihitaji kukijua.

Shida yake ya kwanza ku masomo si fujo, ni urefu. Iko na miaka kumi na tano na darasa lake ni la nne. Wadogo wanamcheka, wanamuita kadogo, na siku moja anapiga. Ndipo wazazi wanasema: tulijua. Kwa watoto wa namna hiyo kuna vituo vya kufidia masomo ambapo miaka sita ya primeri inafundishwa kwa miaka mitatu, pamoja na wasichana waliozaa mapema na wale waliopoteza miaka juu ya kukimbia. Havipatikane kila fasi. Muzazi aulize ku Sous-division ao ku ofisi ya Mambo ya kijamii kituo gani kiko karibu, na aulize mbele ya Septemba, kwa kuwa nafasi zinaisha. Mwisho wa miaka mitatu, mwanafunzi anakaa mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, siku moja na wengine, na swali zilezile.